Machozi Waliyoyaita ya Furaha

Shangazi Nabintu alinipigia simu nikiwa kantini ya kiwanda, huku Tonawanda, nimefungua tu mkebe wangu wa wali na maharage. Aliniuliza habari za kazi, habari za baridi, akaniuliza kama nimeshakula. Kisha akasema baba mdogo Ezekieli hajisikii vizuri sana, kwa hiyo kama ningepata ruhusa, nije Louisville. Nikamwambia sawa, nakuja, nikafunga mkebe. Kwetu watu wa Kivu kifo hakisemwi kwa simu. Mtu aliye mbali huambiwa kwamba fulani anaumwa kidogo. Akifika huketishwa, wazee humzunguka, mmoja humshika bega, ndipo huambiwa. Wanasema habari mbaya ikimkuta mtu peke yake itamwangusha. Kwa hiyo niliposikia "hajisikii vizuri sana" nilijua baba mdogo ameshakufa, na hata machozi sikuyaona. Desturi hiyo ilinipitia mimi mwenyewe mwaka 2015, nikiwa kijana wa miaka ishirini, na tangu hapo sijaweza kuipenda, hata wakinieleza hekima yake kwa maneno matamu namna gani.

Sitasimulia tulivyotoka Kongo wala kambi tuliyokaa. Hadithi hiyo imesimuliwa na wengi, na wengine wameifanya kazi. Nitaanzia sebuleni kwa mama, mtaa wa Iroquois, kusini mwa Louisville, mwezi wa nane wa mwaka ule. Ilikuwa sebule ndogo ya nyumba ya kupanga, dirisha lake likitazama maegesho ya magari, lakini mama alikuwa ameijaza makochi mpaka mtu alipita kwa ubavu. Makochi mawili makubwa ya rangi ya kahawia, juu yake vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, na kochi la tatu la mtu mmoja ambalo hakuna aliyelikalia isipokuwa mchungaji. Usiku mama alifanya kazi ghalani, akibandika anwani kwenye maboksi. Asubuhi alirudi, akalala kidogo, akaamka kupika. Siku niliyoondoka kurudi chuoni alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, na nilipokuwa nakula nikawasikia jikoni yeye na baba mdogo wakibishana kwa sauti ya chini. Baba mdogo alisema mchezo ule unavunja watu shingo, na kwamba mtoto aliyeletwa Amerika asome anaenda kufanywa ng'ombe wa kupiganishwa. Mama alimjibu kwamba mimi sipigani na mtu, mimi napiga mpira tu, na kama anaogopa shingo basi aangalie yake. Nikacheka peke yangu na tonge mkononi. Huyo baba mdogo aliyeulaani mchezo mwezi wa nane ndiye aliyekuja kuwa shabiki kuliko sisi wote.

Mama alisema kweli, maana kazi yangu uwanjani ilikuwa moja tu. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa mkononi, mpira wenyewe una umbo la papai, na wenzako hugongana kwa helmeti mchana kutwa. Lakini mara chache timu huamua kuupiga kwa mguu upite katikati ya nguzo mbili ndefu, ipate pointi tatu, na hapo huitwa mtu mwembamba aliyekaa pembeni akiwa msafi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mwalimu wa michezo wa sekondari aliniona Jumamosi moja nikicheza mpira wa kawaida na Wakongo na Waburundi wenzangu bustanini Iroquois, akanipa lile papai, akaniambia nilipige. Nikalipiga. Miaka miwili baadaye nikawa Columbus, kwenye chuo. Si chuo kile kikubwa ambacho watu wa Columbus hukivalia nguo mpaka mbwa wao. Chetu kilikuwa kingine. Ukimwambia mtu wa mji ule kwamba unachezea timu ya chuo, uso wake uling'aa. Ukimtajia chuo gani, akasema aha, akauliza habari za hali ya hewa.

Chumba changu bwenini nilikaa na Mkenya, Kiprono, aliyekuja kusomea uhasibu. Jumapili alipika ugali kwenye jiko la umeme ambalo tulikatazwa kuwa nalo, tukafungua madirisha baridi iingie ili moshi utoke, tukala tumevaa makoti. Hakuuheshimu kabisa mchezo wangu. Alisema, "Boss, hii si game, hii ni committee. Wanakimbia sekunde tano halafu wanasimama kufanya meeting." Mama alilalamika vivyo hivyo kwa lugha yake. Jumamosi nilipokuwa na mechi alimwomba Gisèle, binti wa baba mdogo, amtafutie kwenye simu, na jioni akanipigia kuniuliza, "Juu ya nini banasimama kila saa? Banagombana?" Lakini hakukosa mechi hata moja. Aliangalia akiwa ameshavaa nguo za kazi, kitambulisho cha ghala kimening'inia shingoni, akingoja tu mtoto wake mwembamba aitwe.

Msimu ule mambo yakatuendea ambavyo hakuna aliyetegemea. Tulishinda mechi za kutosha hata tukaalikwa kwenye mojawapo ya zile mechi za mwisho wa mwaka wanazoziita bowl, na tukapangiwa timu kubwa ya kusini ambayo mlinzi wake mmoja alikuwa mpana kama mlango wa kanisa. Magazeti yalitucheka kwa adabu. Ghalani alikofanya kazi baba mdogo, wasimamizi wake walimcheka bila adabu, wakimwuliza hicho ni chuo au ni duka. Naye, mtu aliyekuwa akiinamisha kichwa miaka mitano, akawajibu kwamba mtoto wake atawanyamazisha. "Mtoto wake" nilikuwa mimi. Nilisimuliwa hayo baadaye, na nayaandika hapa kwa sababu bila hayo mtu hawezi kuelewa alichofanya. Kuelewa, lakini, ni kitu kimoja, na kukubali ni kingine.

Siku chache kabla ya mechi timu nzima ilisafirishwa kwa ndege hadi mji wa pwani huko kusini, tukawekwa hoteli yenye zulia nene mpaka nyayo hazisikiki. Asubuhi walitupa mayai, nyama, matunda yaliyokatwa kama maua. Nakumbuka niliyapiga picha nikamtumia mama, naye Jumapili akanijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba matunda ya kupambwa hayashibishi, nile nyama. Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyo nayo. Kuanzia Jumatatu nilipopiga simu yake ilipokelewa na baba mdogo. "Mama yako iko nalala," alisema. "Ule kazi ya usiku inamuchokesha. Wewe cheza tu, sisi bote tuko nakuangalia." Jumanne akasema hivyo hivyo, na Jumatano. Alhamisi jioni nilipopiga, nikasikia nyuma yake wanawake wakiimba wimbo wa kanisani, wengi, kwa sauti nzito. Nikamwuliza kuna nini. Akasema ni kikundi cha maombi, wanaliombea goti langu la mguu wa kupigia. Nami nilifurahi. Nilikwenda kulala nikijisikia mtu mwenye watu.

Mechi ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, uwanja umejaa nguo za wenzetu wa kusini. Walikuja kucheza nasi kama mtu anayepitia dukani akielekea kwingine. Hilo liliwaponza. Vijana wetu, ambao nusu yao walikataliwa na vile vyuo vikubwa kwa kuwa wafupi au wazito mno, walicheza kwa hasira ambayo sijaiona tena, na kufika robo ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi chache tu. Nilikuwa nimeshaitwa mara moja, nikaugonga mpira kwenye nguzo, ukarudi. Nilimfikiria mama akijifunika uso kwa kitenge. Kisha, sekunde zikiwa zimebaki chache, tukiwa nyuma kwa pointi mbili, kocha akaniita tena. Watu wameniuliza sana nilifikiria nini. Nilifikiria kwamba mama yuko kwenye kochi la kahawia, amevaa nguo za kazi, anamwuliza Gisèle kwa nini wamesimama. Hiyo tu. Nikahesabu hatua zangu, nikapiga, na kabla sijainua kichwa nilishajua kutokana na mguu kwamba umepita. Yule mlinzi mpana aliketi chini kwenye nyasi akavua helmeti. Wenzangu walinibeba. Sitasema uwongo kwa sababu ya yaliyofuata: ilikuwa furaha kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuwa nayo.

Chumbani mwa kubadilishia nguo muziki ulikuwa juu na watu wakimwagiana maji. Nikapiga simu ya mama. Ikapokelewa na vurugu, na baba mdogo katikati yake, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, akiniita simba, akiniita mwanaume. Nikamwomba anipe mama. Akasema mama atanipigia kesho, simu ikakatika. Muda si mrefu ikaingia video kutoka kwa Gisèle, na chini yake maneno matatu ya Kiingereza, kwamba nimefanya kweli. Aliirekodi sebuleni wakati ule ule nilipopiga. Baba mdogo amepiga magoti mbele ya televisheni, kisha anaruka. Mchungaji anapunga kofia. Wanaume wamekumbatiana wanalia. Mara ya kwanza niliitazama nikicheka. Mara ya pili nilikuwa namtafuta mama. Hapo ndipo nilipoona kwamba makochi hayapo. Sebule ilikuwa tupu, imetandikwa magodoro ukuta hadi ukuta, na juu ya magodoro wamekaa wanawake wamejifunga vitenge kiunoni na vichwani. Wengine walikuwa wamesimama wakishangilia, wengine wamekaa. Shangazi Nabintu alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, mkono shavuni, na macho hakuyaelekeza kwenye televisheni. Kwetu makochi hutolewa nje kwa sababu moja tu, ili waombolezaji walale. Gisèle alikulia Amerika. Aliambiwa asiniambie kitu, na hakuniambia. Hakujua kwamba sebule yenyewe inasema.

Nikaketi kwenye benchi. Nililia mbele ya watu wote, na watu wote wakaja kunipigapiga mgongoni wakisema nastahili kulia, nilie tu. Kocha alinikumbatia. Mpiga picha wa chuo akapiga magoti mbele yangu akachukua picha, nami sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Nikampigia shangazi, maana yeye peke yake ndiye hakushangilia, nikamwuliza mama yuko wapi. Akasema, "Kuja, mwana wangu. Mama yako anaumwa kidogo." Nimeshaona magodoro kwa macho yangu, na bado ananiambia anaumwa kidogo.

Kesho yake nilipokewa uwanja wa ndege na watu saba. Waliniketisha katikati ya magodoro, mzee mmoja akanishika bega, mchungaji akaniambia kwa utaratibu yale niliyoyajua na nisiyoyajua: kwamba Jumatatu mama alianguka kwa presha ghalani, kiharusi, na Alhamisi akafa hospitalini. Niliposikia Alhamisi nikakumbuka ule wimbo. Nikamgeukia baba mdogo nikamwambia walikuwa wanamwimbia maiti huku wananidanganya kuhusu goti. Watu wakashtuka, maana mtoto hasemi hivyo na baba yake. Yeye hakukasirika. Akafuta jasho, akasema mbele ya wazee wote, "Mama yako mwenyewe ndiye alisema. Ile neno yake ya mwisho: mumuache mutoto acheze, musimuambie kitu. Donc, tungelifanya nini?" Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi ningefanya nini? Neno la mama aliyekufa huwezi kulipinga. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, nami nilikuwa mbali, nikila matunda yaliyokatwa kama maua.

Tulimzika kwenye mvua ya baridi. Baadaye watu walipanga mstari kunipa mkono, na karibu kila mmoja alisema maneno yale yale kwa pumzi moja: "Pole sana. Na hongera." Pole sana, na hongera. Wengine walinishika mkono kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi, na katikati ya machozi tabasamu. Leo naweza kusema niliyoyaona kwenye zile nyuso. Watu wale walikuwa wanasukuma maboksi ya watu wengine, wanaosha wazee wa watu wengine, wanaulizwa kila siku warudie walichosema, na tangu wafike nchi ile hawakuwa wamewahi kushinda chochote mbele ya televisheni. Baba mdogo alirudi kazini akitembea kifua mbele, na wasimamizi wake wakampigia makofi. Furaha yao ilikuwa ya kweli, na ilisimama juu ya maiti ya mama yangu. Hilo liliniuma kuliko kama wangekuwa wabaya.

Chuoni nilirudi, nikakaa mpaka majira ya kuchipua. Kiprono siku nyingi alipika tu na kunisogezea sahani, mpaka siku moja akasema, "Kwetu pia wangefanya hivyo, bro. Lakini singewasamehe." Mazoezini niliuweka mpira chini na mguu ukakataa kwenda. Kocha alisema ni akili, akanipeleka kwa mtu wa kuzungumza naye, mtu mpole sana, aliyetaka kujua kama niliwahi kuota vita. Mwezi wa tano nikaondoka. Rafiki Mrundi alikuwa amepata kazi Buffalo, akaniambia viwanda vya Tonawanda vinachukua watu, nikaja, nikabaki. Kila Januari wenzangu kantini hubishana kuhusu mechi za vyuo, nani alipaswa kupiga, nani alikosa, nami natafuna wali wangu. Kwa baba mdogo nilipiga simu kila mwaka mpya. Nilikuwa nimemsamehe kwa sababu ya lile neno la mama. Nilijiambia kwamba alitii tu. Lakini kusamehe si kurudi, na Louisville sikurudi.

Mpaka juma lile shangazi aliponipigia simu. Nilitoka Tonawanda alfajiri, nikaendesha hadi Columbus, na kwa kuwa nilikuwa na njaa na hasira isiyo na jina nikaingia chuoni. Picha ipo. Wameikuza, imechukua ukuta mzima wa korido ya ukumbi wa michezo, mimi nimekaa kwenye benchi uso umelowa, na chini yake wameandika kwa herufi za dhahabu kwamba hayo ni machozi ya furaha ya ushindi. Kijana mmoja aliyebeba begi la mazoezi akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia hapana. Nikanunua mkate na chai, nikaendelea na safari.

Louisville waliniketisha, wakanishika bega, wakaniambia nilichokijua. Tulimzika baba mdogo siku iliyofuata, na jioni, nyumbani kwake, mchungaji akaniita niseme neno kama mtoto mkubwa wa ukoo. Sikuwa nimejiandaa. Nilisimama juu ya magodoro nikasema kwamba kwa miaka mingi kulikuwa na jambo kati yangu na marehemu, kwamba watu wengi hapa wanalijua, na kwamba namshukuru kwa sababu alikuwa na ujasiri wa kutii neno la mwisho la mama yangu hata akijua nitamchukia. Watu wakalia. Mchungaji akanikumbatia. Nami nilijisikia mwepesi, nasema kweli, mwepesi kuliko miaka yote.

Shangazi Nabintu alikuwa jikoni anasugua sufuria ya bugali. Akaniita, akaufunga mlango kwa mguu. Akaniuliza lile neno la mama nililolisema pale mbele nililipata kwa nani. Nikashangaa. Nikamkumbusha kwamba baba mdogo alilisema mbele ya wazee, na yeye mwenyewe alikuwepo. Akasema ndiyo, alikuwepo, alisikia. Akakausha mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole.

"Mama yako hakusema kitu," akasema. "Tangu Jumatatu mudomo yake ilikuwa imekufa. Alikuwa anaangalia tu mulango. Munganga akiingia, anaangalia. Mimi nikiingia, anaangalia, kisha anageuza uso."

Nikamwuliza basi nani aliyeamua. Akasema Ezekieli. Aliwaambia wakiniita nitakuja, na nikija sitacheza, na wao wakakubali, na yeye shangazi pia akakubali. Jumatatu hadi Alhamisi. Kutoka ule mji wa pwani hadi Louisville ni safari ya saa chache kwa ndege. Nilimwuliza kwa nini alilinyamazia neno hilo miaka yote hii, na sauti yangu nikaisikia ikitoka kama ya mtoto.

"Ulikuwa umeisha kumusamehe," akasema. "Muko nasalimiana vizuri. Bon, ningelivunja hiyo juu ya nini?"

Baba mdogo tulikuwa tumeshamfukia tangu saa nane mchana. Nikasimama pale nimeshika ukingo wa sinki, na kupitia mlango nikamsikia mchungaji akinitaja kwa jina, akiwaambia watu wajifunze kusamehe kama mimi, nao wote wakaitikia amina.